Kerea kwanza, sanduku baadaye

Gerezani, pale Kariakoo, hakuna kitu cha chuma kitakachowashinda mafundi: mageti, matoroli, majiko, vitanda vya bweni, bodi za guta. Ukifika na pikipiki ya safari ndefu ukasema unataka sanduku la mizigo, hakuna atakayekushangaa. Mtu atachomoa futi kamba mfukoni hujamaliza kueleza, na bei utatajiwa injini bado inanguruma. Shida inaanzia hapo. Atapima urefu, upana na kimo cha sanduku, ataandika kwa chaki kwenye bati, basi. Mara chache atachuchumaa nyuma ya tairi aangalie sanduku hilo litashikwa na nini.

Mimi naona kazi ianzie huko. Sanduku lenyewe fundi mzuri hulimaliza kabla ya jua kuzama. Kerea ya kulibeba, na namna kerea hiyo inavyoshika mkia wa fremu, ndiyo itakayoamua kama utafika Mbeya na mizigo yako au utakaa kando ya barabara Ruaha Mbuyuni ukisubiri fuso iwapakie wewe na pikipiki.

Kwa nini mtu asinunue lililo tayari? Wanaoweza hununua. Givi ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Giuseppe Visenzi, mtu aliyetoka kwenye mbio za pikipiki, huuza masanduku ya kila aina, na kwa kila pikipiki kuna kerea yake. Touratech ya Ujerumani imejijengea jina kwa yale ya aluminiamu yenye pembe kali, unayoyaona kwenye BMW za Wazungu wanaoshuka kutoka Cairo kwenda Cape Town. Lakini kerea hizo hutengenezwa kwa pikipiki zinazouzwa sana kwao. Mwenye Suzuki V-Strom atapata yake. Mwenye Boxer, TVS au Honda XL aliyoinunua mnadani ni nadra kupata kitu, na hata akipata, nauli na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kerea yenyewe. Mwenye bahati ni yule wa Yamaha AG, pikipiki ya mabwana shamba, ambayo hutoka kiwandani ikiwa na kerea za chuma mbele na nyuma. Ukiiona imeegeshwa mahali, mpeleke fundi wako akaitazame. Ni somo zuri kuliko maelezo.

Na wasikudanganye kwamba vya kiwandani havivunji kitu. Mwaka 2004, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kutoka London hadi New York kwa pikipiki za BMW zilizosheheni masanduku ya aluminiamu, wakifanya kipindi cha televisheni cha Long Way Round. Walipofika Mongolia, pikipiki ya mpigapicha wao, Claudio von Planta, ilivunjika fremu. Ikabidi anunuliwe Izh Planeta 5, pikipiki ya Kirusi ya bei rahisi, ili safari iendelee. Tatizo halikuwa masanduku. Kilichovunjika ni kile kilichokuwa kinabeba kila kitu.

Kwa hiyo kabla ya kukata bati lolote, panga kitu gani kitangulie kuvunjika. Mzigo ukizidi au pikipiki ikianguka, zinyofoke bolti za sanduku. Zikigoma, ipinde kerea. Fremu iwe ya mwisho kabisa, maana bolti utanunua duka lolote la spea, kerea itanyooshwa na fundi yeyote mwenye nyundo na moto, lakini fremu ikipasuka Mafinga saa kumi na mbili jioni, huna pikipiki. Wengi wetu hufanya kinyume: kerea inachomelewa moja kwa moja kwenye fremu, kwa imani kwamba kuchomelea ndiyo kushika. Moto wa weldingi hubadilisha chuma kilicho pembeni ya mshono, na hapohapo, pembezoni mwa mshono, ndipo ufa huanza. Rangi ya ndani ya bomba nayo huungua, kutu ikaingia usikokuona. Fundi akikuambia tuchomelee tu bosi, itakuwa imara zaidi, mshukuru na umwambie hapana.

Sasa uzito uwekwe wapi? Chukua pikipiki yenye sentimita 140 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka sanduku la kilo 20 ambalo katikati yake iko sentimita 35 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tairi la mbele linapunguziwa kilo 5, na la nyuma linabebeshwa 25. Kilo 5 zinaonekana si kitu hadi unapanda kona za Kitonga, injini inasukuma, lori liko mbele yako linatambaa, nawe unahisi hendeli imekuwa nyepesi kuliko ulivyoizoea. Hiyo tena ni hesabu ya pikipiki iliyosimama. Ikidondoka kutoka juu ya tuta, kilo zile 20 huweza kuivuta kerea kwa nguvu ya kilo 50 au 60 kwa kufumba na kufumbua, na barabara ya kutoka Dar hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ina matuta usiyoweza kuyahesabu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa masanduku ya nyuma huweka kikomo cha chini mno, mara nyingi kati ya kilo 3 na 10. Mtu akisoma anacheka. Anaona nafasi ya kuingiza kofia mbili ngumu na mchele, anajaza.

Uzito wa juu na wa nyuma una tabia nyingine, ambayo hujitokeza ukiwa umetulia kabisa. Unapunguza mwendo kutoka 80 kwenda 50, mkono mmoja umeiachia hendeli ili ufunge zipu ya jaketi, na hendeli inaanza kutikisika yenyewe, kushoto kulia, kwa kasi. Ukiishika tena, inatulia. Wengi hukimbilia kubadilisha beringi za usukani. Zikaguliwe, ni sawa, ila jaribu kwanza kulitoa sanduku.

Hapa vijana wanaosambaza vyakula mjini wametuzidi akili. Tazama masanduku yao makubwa: yamekaa juu ya siti ya abiria, kwa hiyo uzito uko mbele ya ekseli au juu yake. Msafiri hulisukuma sanduku nyuma ili apate nafasi ya mtu wa pili, hata pale ambapo mtu huyo hayupo. Kama unasafiri peke yako, kerea iletwe mbele mpaka sanduku likaribie kukugusa mgongo. Utapata na mahali pa kuegemea.

Masanduku ya ubavuni ni bora zaidi kwa uzito, maana yanakaa chini na karibu na ekseli. Yanataka kupakiwa kwa usawa, kama shogi la punda wa Lamu: ukizidisha upande mmoja, mnyama anakwenda kombo. Pima kwa mizani ya bafuni au hata ya muuza samaki, usipime kwa macho. Lakini yana kasoro zake mbili. Ya kwanza ni upana. Masanduku mawili ya sentimita 24 kila moja, ukiongeza ekzosi na tairi katikati, yanakaribia mita nzima, na hendeli za pikipiki nyingi hazifiki hapo. Dereva aliyezoea kupenya foleni ya Kimara kwa kupima hendeli atapita yeye, halafu kona ya sanduku itakwangua mlango wa mtu. Ya pili ni mbaya zaidi. Kwenye mchanga, pikipiki inapoyumba, mguu hushuka wenyewe kutafuta ardhi. Pikipiki inaendelea mbele, mguu unabaki, na ukingo wa chini wa sanduku gumu unaukuta kwa nyuma. Miguu imevunjika hivyo. Masanduku yasogezwe nyuma ya kigingi cha dereva kiasi cha mguu kupita, na kona za mbele chini zikatwe mshazari. Kama njia yako ni ya mchanga mtupu, mifuko ya turubai itakufaa kuliko chuma chochote.

Vipimo vichukuliwe kwa kartoni. Tafuta boksi la televisheni, likate kwa ukubwa unaoutaka, libandike kwa gundi ya karatasi mahali sanduku litakapokaa, kisha upande wewe na mwenzio wote wawili ili shokapu zishuke. Hapo ndipo siri zinatoka. Siti haifunguki, kwa sababu tundu la ufunguo wake limezibwa. Indiketa imepotea. Taa ya breki inaonekana ukiwa umesimama, ila dereva wa lori, kutoka juu kule, haioni. Namba ya pikipiki imefunikwa nusu, na hilo trafiki wa kwanza atalitaja. Tairi, shokapu zikiwa zimebonyea hadi mwisho, linaweza kupanda hadi kwenye kona ya kartoni. Kila kimoja kati ya hivi hurekebishwa kwa mkasi kwa dakika moja. Kwenye bati lililokwisha kukunjwa ni siku nzima na fundi aliyenuna.

Kerea yenyewe iwe ya chuma, hata kama sanduku ni la aluminiamu. Chuma kikibeba mzigo ulio chini ya kiwango fulani, huvumilia kutikiswa mara zisizo na idadi. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mtikisiko unaichosha kidogo, na injini ya silinda moja hutikisa maelfu ya mara kwa dakika. Tena kila mji wa barabarani, kuanzia Mikese hadi Igawa, una mtu mwenye mashine ya weldingi na vijiti vya chuma. Mwenye gesi ya agoni ya kuchomelea aluminiamu utamtafuta.

Bomba la duara la milimita 18 hadi 22, ukuta wa milimita 2, linatosha. Skwea paipu ya milimita 20 nayo inafaa, na mafundi huipenda kwa kuwa haitelezi wakati wa kukata. Masikio ya kushikia yawe ya frati ba ya milimita 5, na yafuate matundu ambayo pikipiki tayari inayo: bolti za kishikio cha abiria, za vigingi vya miguu yake, wakati mwingine za kushikilia ekzosi. Umbo litafute pembetatu. Kipande kimoja cha bomba kilichotoka nyuma kikaning'inia hewani kitapinda. Kikipata kipande cha pili cha kukitegemeza kutoka chini kwenye kigingi, hakitapinda. Kama ni masanduku ya ubavuni, pande mbili ziunganishwe kwa bomba moja linalopita nyuma ya tairi. Bomba hilo ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Bila hilo, kila upande hupiga makofi peke yake.

Fundi atafunga masikio kwenye pikipiki, ashikize mabomba kwa nukta ndogo za weldingi, kisha aitoe kerea nzima na kuimalizia mezani. Kabla ya zile nukta, betri ikatwe waya zote mbili, na kama pikipiki ni ya kisasa yenye kompyuta, plagi ya kompyuta itolewe. Ethi ibanwe kwenye kerea yenyewe, karibu na mshono. Ikibanwa kwenye gurudumu, umeme wa weldingi utapita kwenye beringi na kuzila. Kerea ikirudi kutoka mezani haitaingia vizuri, kwa kuwa chuma huvuta kinapopoa. Matundu mawili yafanywe marefu kidogo tangu mwanzo, na usiruhusu mtu ailazimishe kwa nyundo. Kerea iliyolazimishwa inaivuta fremu hata kabla ya mzigo.

Kuhusu sanduku, hesabu ifuatayo inamaliza ubishi mwingi. Sanduku la sentimita 45 kwa 38 kwa 24 lina ujazo wa lita 41 hivi. Likiundwa kwa aluminiamu ya milimita 1.5 litakuwa na kilo 3. Kwa chuma cha unene huohuo ni karibu kilo 9. Ukikubali chuma cha milimita 1, ni karibu 6, ila kitaandamwa na kutu, hasa ukiishi Tanga au Bagamoyo. Kwa masanduku mawili, tofauti ya aluminiamu na chuma kinene inakaribia kilo 12. Hizo ni lita 12 za maji.

Wanaoijua aluminiamu mjini ni mafundi wa madirisha. Hawaichomelei, wanaikata kwa msumeno wa mashine na kuipiga riveti, na kwa sanduku hiyo inatosha kabisa. Bati linakunjwa kwenye mashine ya kukunjia, kona zinavishwa vyuma vya pembe vya umbo la L, kisha riveti. Nenda ukasimame pale kona ya kwanza inapofungwa. Fundi anatoboa tundu, anaweka riveti ya milimita 4.8, anabana mkasi wake, pini inakatika kwa mlio mkavu, anahamia sentimita 3 mbele. Kati ya bati na pembe awe amepaka silikoni kabla ya kupiga riveti. Wengi huipaka baada, kwa nje, na inaonekana nadhifu, lakini mvua ya kwanza inapita chini yake. Riveti isikae ukingoni kabisa mwa bati. Iachiwe angalau sentimita moja, la sivyo itachanika. Ila akikupendekezea lile bati jepesi lenye plastiki katikati, linalobandikwa mbele ya maduka, kataa. Ili likunjike huchongwa mfereji kwa ndani, na kwenye mkunjo kinabaki kingozi chembamba cha aluminiamu. Kwenye duka halitikiswi na mtu.

Mfuniko uvuke ukingo wa sanduku na kushuka sentimita 2 au 3, na ndani yake upite mpira wa mlango wa gari, unaouzwa kwa mita. Mvua watu huiogopa, vumbi hulisahau. Pikipiki inapokimbia, nyuma yake hewa hupungua na vumbi la tairi linavutwa juu kufuata pengo hilo, likitafuta mwanya wowote kwenye bawaba. Bawaba iwe ndefu, ya upande mzima, isiwe vipande viwili vya kabati. Komeo ziwe mbili, zenye tundu la kufuli.

Ndani, bandika mkeka wa mpira chini na kwenye kuta. Aluminiamu tupu ikisuguana na nguo hutoa weusi usiotoka, na shati jeupe lililosafiri kutwa bila mfuko linaishia kuwa kitambaa cha kufutia spana. Vyombo vya chuma navyo hutoboa. Kopo la samaki lililoachwa huru ndani ya sanduku linaweza kusagika hadi mafuta yakamwagika, na harufu hiyo utaishi nayo.

Sanduku na kerea vikutane kwa bolti 4 za milimita 8, na ndani kila bolti ikae juu ya bamba pana, si washa ndogo tu. Bati jembamba halivunjiki katikati, hupasuka kuzunguka tundu. Kati ya aluminiamu na chuma uwekwe mpira: unapunguza mtikisiko, na unazizuia metali hizo mbili zisilane. Karibu na bahari, chumvi na unyevu vikiingia kati yake, aluminiamu huota unga mweupe na tundu hupanuka lenyewe. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko, na zikishafunguliwa mara kadhaa zibadilishwe. Mafundi wengine wana tabia ya kuongeza nukta ya weldingi juu ya nati ili isifunguke. Siku ya pancha ya nyuma utawakumbuka.

Kisha pakia uzito kamili wa safari, mawe kama huna mizigo bado, na uende kwenye barabara mbaya ya jirani, isiyo mbali na nyumbani. Tairi la nyuma liongezwe upepo kwa kiwango ambacho mwenye pikipiki anaelekezwa kwa watu wawili, na springi ya shokapu ikazwe. Ukipita lori ukiwa Makambako, ambako upepo ni wa kawaida, utajua kama umefanya hivyo. Kila nati ipigwe mstari mmoja wa rangi, kuanzia juu ya nati hadi kwenye chuma cha kerea, ili ikihama hata robo uione bila spana.

Siku ya safari yenyewe, simama Chalinze, kilomita mia na kidogo kutoka Dar, ukague mistari hiyo wakati wenzako wanaagiza supu. Bolti zikitaka kulegea, nyingi huwa zimeanza kufikia hapo. Iliyohama usiikaze tu, tazama kwanza kama kuna ufa chini ya washa au kama mpira umebonyea upande mmoja. Bolti 4 za akiba, nati zake na waya wa kufungia vikae chini ya siti, visikae ndani ya sanduku.